Miezi minane na vifaa vinne vya uso: kipi kimebaki mezani

Kwa miezi minane vifaa vinne vya uso vimekaa juu ya meza yangu: brashi ya silikoni inayotetemeka, barakoa ya taa za LED, kifaa cha umeme mdogo kinachosemekana kunyanyua mashavu, na roli ya sindano fupi. Vyote nimevinunua kwa fedha zangu, kwa nyakati tofauti. Kila Jumapili asubuhi, kabla ya kupaka chochote, nimejipiga picha mbele ya dirisha lile lile, kisha nikaandika daftarini ni kifaa gani nilichotumia wiki hiyo, kwa dakika ngapi, na ngozi iliamkaje siku iliyofuata. Tathmini hii imetoka katika daftari hilo.

Ngozi yangu ni ya kahawia iliyokoza. Paji la uso na pua hutoa mafuta tangu asubuhi, mashavu hukauka, na kila chunusi inayopona huacha doa jeusi ambalo hukaa muda mrefu kuliko chunusi yenyewe. Ninalitanguliza jambo hili kwa sababu vifaa vya uso hufanya kazi kwa mwanga, umeme, joto au msuguano, na nguvu hizo hazipokelewi sawasawa na kila ngozi. Melanini, ile rangi asilia ya ngozi, hufyonza mwanga, na ngozi yenye melanini nyingi hulijibu jeraha dogo kwa kutengeneza rangi zaidi. Kwa hiyo maelezo ya mtu mwenye ngozi nyeupe sana, hata akiwa mkweli kabisa, yanaweza kumpotosha mwenye ngozi kama yangu. Tathmini nyingi nilizozisoma kabla ya kununua hazikuligusa suala hilo hata kwa sentensi moja, na pengo hilo nilikuja kulilipia kwa uso wangu, kama nitakavyoeleza.

Kabla ya kuwasha kifaa chochote nilikaa wiki nane nikitumia vitu vitatu tu: sabuni laini ya uso, krimu ya kulainisha ngozi, na mafuta ya kukinga jua yenye SPF 30 kila asubuhi. Nilifanya hivyo ili nijue ngozi yangu ikoje ikiwa imetulia. Ukianza vitu vitano kwa siku moja na uso ukabadilika, huna njia ya kujua ni kipi kilichosaidia au kudhuru. Nakiri kwamba wiki hizo nane zilileta nafuu kubwa kuliko kifaa chochote kati ya hivi vinne, hasa mafuta ya kukinga jua, kwa kuwa madoa yaliacha kukolea kila nilipotoka nje. Anayefikiria kununua barakoa ya taa ilhali hapaki kinga ya jua ananunua paa kabla ya kuta.

Brashi ndiyo niliyoianza, na haina mengi. Brashi zinazotetemeka zilipata umaarufu baada ya Clarisonic kuingia sokoni mwaka 2004. Kampuni hiyo ilifunga shughuli zake mwaka 2020, lakini wazo lake limebaki, na nyingi za sasa zimeacha nywele za nailoni zikatumia vidole vya silikoni, ambavyo havinyonyi maji na hukauka upesi, hivyo bakteria hawapati makazi kwa urahisi. Yangu huondoa vizuri mafuta ya kukinga jua na vipodozi vya mchana, kazi ambayo vidole vyangu vilikuwa vikiifanya nusunusu pembeni mwa pua. Kosa langu lilikuwa kuitumia asubuhi na jioni kama kijikaratasi chake kilivyoelekeza. Kufikia wiki ya tatu mashavu yalikuwa yanawaka hata nikipaka krimu ile ile niliyoizoea, dalili kwamba tabaka la juu la ngozi, lile linalozuia maji yasipotee, limechubuliwa. Nilipumzika siku kumi, nikarudi kwa mara mbili kwa wiki, jioni, kwa sekunde zisizozidi 60 uso mzima, na tangu hapo sijapata tatizo. Madai kwamba brashi hufungua vitundu vya ngozi yapuuzwe: vitundu hivyo havina misuli, kwa hiyo havifunguki wala kujifunga kwa mtetemo, kwa mvuke wala kwa maji baridi. Kinachotokea ni kwamba uchafu uliokuwa umeviziba umetoka, navyo vikaonekana vidogo.

Barakoa ya taa ndiyo iliyochukua nafasi kubwa ya daftari langu, na ndiyo inayostahili maelezo marefu, kwa sababu ni kifaa chenye sayansi ya kweli ndani yake na pia chenye biashara nyingi isiyo ya kweli juu yake. Tiba ya mwanga si jambo la jana. Daktari Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga uliokusanywa. Mwaka 1967 Endre Mester wa Hungaria, alipokuwa akiwamulika panya kwa leza nyekundu hafifu, aliona nywele zao zikiota haraka mahali palipomulikwa. Katika miaka ya 1990 taa za LED zilizotengenezwa kwa ajili ya kukuzia mimea katika safari za anga za NASA zilianza kujaribiwa katika uponyaji wa vidonda. Barakoa za leo ni wajukuu wa kazi hizo, na wajukuu wengine wamerithi jina tu.

Kinachofanya kazi katika barakoa ni urefu wa wimbi la mwanga, unaopimwa kwa nanomita. Mwanga mwekundu wa takriban nanomita 630 huingia milimita chache ndani ya ngozi, na ule usioonekana kwa macho, wa takriban nanomita 830, huingia ndani zaidi. Maelezo yanayokubaliwa na watafiti wengi ni kwamba mwanga huo hufyonzwa katika mitokondria, vile viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli, na seli zinazotengeneza kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, huchangamka. Mwanga wa bluu wa takriban nanomita 415 haufiki mbali, haumalizi hata milimita moja, lakini hugonga kemikali ziitwazo pofirini ambazo bakteria wa chunusi huzitengeneza wenyewe. Kemikali hizo zikipata mwanga huo hutoa oksijeni kali inayomuua bakteria aliyezibeba. Rangi hizi ndizo zenye ushahidi unaoeleweka. Barakoa yangu ina rangi saba, na zile za zambarau, samawati iliyopauka na nyinginezo sijapata sababu ya kuziwasha mara ya pili. Wingi wa rangi kwenye kasha usimvute mtu. Mara nyingi kila rangi inayoongezwa hupunguza idadi ya taa nyekundu ambazo ndizo zenye kazi.

Namba ambayo ningependa kila mnunuzi aitafute ni nguvu ya mwanga kwa kila sentimita ya mraba, inayopimwa kwa miliwati. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha miliwati kwa sekunde za matumizi, gawanya kwa 1000, utapata dozi kwa juli, kipimo cha nishati. Barakoa yangu hutoa miliwati 30 kwa sentimita ya mraba, nami huivaa kwa dakika 10, yaani sekunde 600, kwa hiyo ngozi hupata juli 18. Barakoa ya miliwati 5 ingehitaji saa nzima kufikisha dozi hiyo hiyo, na hakuna mtu atakayeivaa saa nzima siku nne kila wiki kwa miezi. Ya kwanza kabisa niliyoinunua haikuandikwa namba hiyo popote, wala muuzaji hakuweza kuitaja nilipomuuliza. Niliivaa wiki sita kwa uaminifu bila kuona chochote, na sasa naamini sikuwa nikipata zaidi ya taa ya mapambo. Hata hivyo, dozi kubwa nayo si dawa ya haraka. Katika tiba ya mwanga inajulikana kwamba seli hunufaika kwa kiasi fulani, na kiasi hicho kikipitwa faida hupungua, hivyo kuivaa mara tatu kwa siku ni kujisumbua bure.

Umbo lake nalo lina uzito. Ile ya kwanza ilikuwa ya plastiki ngumu, ikigusa paji la uso na pua huku ikiacha nafasi kubwa mashavuni, na mwanga unaotoka kwenye taa ndogo husambaa kadiri unavyosafiri, kwa hiyo mahali penye nafasi hupata kidogo. Ninayoitumia sasa ni ya silikoni laini inayofungwa kwa mikanda miwili nyuma ya kichwa, na hulala juu ya mashavu na kidevu bila kubana. Kasoro yake ni mikanda yenyewe, ambayo hulegea baada ya kufuliwa mara chache na huvuta vibaya mtu akiwa amesuka nywele. Betri hukaa vipindi saba au vinane kabla ya kuhitaji chaji, nayo si haba.

Sasa nieleze kuhusu bluu. Katika mwezi wa pili wa kuvaa barakoa nilipata chunusi za kidevuni, nikaona huu ndio wakati wa kuutumia mwanga ambao kijikaratasi kilisema unafaa kwa ngozi zote. Niliutumia kila jioni kwa wiki tatu. Chunusi zilipungua kweli, sitazikana sifa zake. Lakini madoa yaliyobaki yakawa meusi kuliko nilivyowahi kuyaona, na mstari hafifu wa rangi ukajitokeza pembeni mwa taya, mahali ambapo hapakuwa na chunusi kabisa. Nilipokwenda kwa daktari wa ngozi akanieleza jambo ambalo lingepaswa kuandikwa kwenye kasha kwa herufi kubwa: mwanga unaoonekana, hasa ule wa upande wa bluu, unaweza kuisukuma ngozi nyeusi na ya kahawia kutengeneza rangi, na rangi hiyo hukaa sana. Baadaye nilisoma kwamba watafiti wa Ufaransa walichapisha mwaka 2014 jaribio lililolinganisha mwanga wa nanomita 415 na ule wa nanomita 630 kwa watu wenye ngozi ya rangi ya kati. Wa bluu uliacha weusi ulioweza kudumu hadi miezi mitatu, na mwekundu haukuacha. Dozi zao hazikuwa sawa na za barakoa yangu, nami sidai kwamba kila atakayeutumia atapata kilichonipata. Ninachosema ni kwamba mwenye ngozi inayoacha madoa kwa urahisi, au mwenye melasma, yaani mabaka meusi ya usoni, abaki kwenye mwekundu, na chunusi zake azitibu kwa njia nyingine ambayo daktari ataichagua.

Macho yanahitaji tahadhari ya peke yake. Mwaka 2019 barakoa moja ya chunusi iliyouzwa sana iliondolewa sokoni na watengenezaji wake kwa hiari yao, kwa hofu ya madhara kwa watu wenye magonjwa fulani ya macho na kwa wale wanaotumia dawa zinazoongeza wepesi wa macho kudhurika kwa mwanga. Tangu nisome habari hiyo sivai barakoa bila vikinga macho, hata kama matundu yake ya macho ni mapana, na nimewashauri wawili wa karibu yangu wasiiguse kabisa: mmoja alikuwa kwenye doksisaiklini, mwingine kwenye isotretinoini, dawa ambazo zote hujulikana kuifanya ngozi iudhike upesi kwa mwanga wa jua. Mwenye kutumia dawa yoyote ya kila siku amuulize daktari au mfamasia kwanza. Swali hilo huchukua dakika moja.

Matokeo ya mwekundu yalichelewa. Kwa wiki tisa za mwanzo picha zangu za Jumapili hazikutofautiana, na ningekuwa natazama kioo tu bila picha ningekata tamaa. Tabaka la juu la ngozi hujifanya upya kwa takriban siku 28 kwa kijana, na polepole zaidi kwa mtu mzima, ilhali kolajeni hujengwa kwa miezi, kwa hiyo anayeahidiwa mabadiliko ya siku saba anadanganywa. Kuanzia mwezi wa nne niliona mambo mawili ambayo picha zinayathibitisha: chunusi zinapotokea hutulia mapema, bila ule uvimbe wa siku tano, na mistari midogo chini ya macho imelainika kiasi cha kuonekana kwa anayeijua. Makunyanzi ya paji la uso yako pale pale. Madoa ya zamani yamepauka, ila sifa hiyo naigawa kati ya barakoa na kinga ya jua, tena fungu kubwa naiachia kinga ya jua, ambayo sasa natumia ile yenye rangi, iliyowekwa oksidi ya chuma, kwa kuwa hiyo huzuia pia mwanga unaoonekana.

Kifaa cha umeme mdogo ni hadithi nyingine. Hupitisha mkondo dhaifu, chini ya miliampea moja, kati ya vichwa viwili vya chuma, na ili mkondo huo upite lazima uso upakwe jeli yenye maji na chumvi. Bila jeli ya kutosha unasikia michomo midogo kama ya siafu, na kazi haifanyiki. Nilifuata maelekezo: dakika 5 kila siku kwa miezi miwili, nikivuta kutoka kidevuni kwenda sikioni, kutoka shavuni kwenda kwenye nywele. Mara tu baada ya kumaliza uso ulionekana umechangamka, shavu limepanda kidogo, taya limenyooka. Kesho yake asubuhi hali ilikuwa imerudi kama ilivyokuwa. Nilipoacha kwa wiki tatu, picha hazikuonyesha kwamba nimepoteza chochote. Naamini kifaa hiki hufanya kinachoweza kufanywa na masaji nzuri ya mikono pamoja na kuondoa maji yaliyotuama usoni, na hilo si jambo la kudharauliwa kwa mtu mwenye shughuli ya jioni, lakini gharama yake haiishii kwenye kifaa: jeli huisha, na kila chupa mpya ni gharama nyingine. Mwenye kifaa cha moyo kilichopandikizwa, mwenye kifafa, na mjamzito wasikitumie, na onyo hili lipo katika vijikaratasi vingi ingawa limefichwa kurasa za mwisho.

Kuhusu roli ya sindano, naomba nieleweke vizuri, kwa sababu ndicho kifaa rahisi kuliko vyote na ndicho kinachoniogopesha. Mikononi mwa mtaalamu, katika chumba safi, sindano huchokoza ngozi ijitengeneze, na makovu ya chunusi yanaweza kupungua. Nyumbani tunauziwa roli za milimita 0.2 au 0.3 ambazo haziwezi kufika kwenye kovu, na wengine huzipita wakanunua za milimita 1 na zaidi bila kujua wanachokifungua. Sindano hizo huwa butu baada ya matumizi kadhaa na kuanza kukwaruza badala ya kutoboa, hazisafishiki kirahisi hata kwa spiriti ya asilimia 70, na mtu akiipitisha juu ya chunusi hai huwasambaza bakteria uso mzima. Kwa ngozi inayoacha madoa, kila tundu ni doa linaloweza kutokea. Niliitumia mara nne, mara ya nne nikaamka na vipele vilivyopangana kwa mstari shavuni, nikaiacha. Kuazimana roli, hata kati ya ndugu wa tumbo moja, kusifanyike kamwe, kwa kuwa damu isiyoonekana inatosha kuambukiza ugonjwa.

Nafasi ya kifaa katika mpangilio wa jioni inategemea nguvu kinayotumia. Brashi huenda pamoja na sabuni. Barakoa huvaliwa juu ya uso mkavu uliooshwa, bila mafuta wala krimu nzito, kwa sababu chochote kilicho juu ya ngozi kinaweza kuuzuia mwanga au kuurudisha ulikotoka; seramu na krimu hufuata baadaye. Usiku wa kupaka retinoidi, dawa za ngozi za jamii ya vitamini A, mimi huacha brashi kabisa. Kifaa cha joto, kama vile mashine ya mvuke, sikukinunua, kwani joto lenyewe linaweza kuichochea melasma. Vile vinavyotoa mwanga mkali wa mapigo kwa ajili ya kuondoa nywele au madoa mwenye ngozi iliyokoza avikwepe vya nyumbani: melanini ya ngozi hufyonza mwanga uliolengwa kwenye nywele, na ngozi huungua.

Neno moja linalowachanganya wanunuzi ni lile la kuidhinishwa. Makasha mengi hujivunia Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA. Vifaa vingi vya namna hii hupita kwa njia ya kuruhusiwa kuuzwa baada ya mtengenezaji kuonyesha kwamba kifaa chake kinalingana na kingine kilichokwisha kuwepo sokoni, na huko si sawa na kuthibitishwa upya kwamba kitaondoa makunyanzi ya mnunuzi. Ruhusa hiyo bado ina thamani, maana inaonyesha usalama wa msingi umeangaliwa, nami sinunui kifaa kisichokuwa nayo au kisichokuwa na ruhusa inayolingana nayo. Baada ya hapo natazama urefu wa mawimbi, miliwati, muda wa dhamana, na siku ambazo muuzaji yuko tayari kukipokea kifaa kikirudishwa.

Kwa hiyo meza yangu sasa ina nafasi. Barakoa naivaa jioni nne kwa wiki, mwekundu peke yake, nikiwa nimelala chali kwa dakika zangu kumi. Brashi hutoka Jumatano na Jumamosi. Kifaa cha umeme kimerudi kwenye kasha lake, na mdogo wangu hukiazima akiwa na harusi ya kuhudhuria. Roli nimeitupa. Ule mstari wa taya ulioletwa na mwanga wa bluu umekaa karibu miezi mitano. Katika picha ya Jumapili iliyopita bado upo, mwembamba, na nililazimika kuikuza picha ili niuone.